Maji tunayokunywa Winnipeg na msitu wetu wa Mau

Kuna maneno nimechoka kuyasikia kwa harambee na bathidei za Wakenya hapa Winnipeg, Kanada. Yanasemwa juu ya watu wa asili waliokuwa huku kabla ya wazungu. Ni haya: hawa wenyeji wa huku ni walevi, hawataki kazi, serikali inawapa pesa ya bure, wamejaa tu pale katikati ya mji wakiombaomba, na sisi tumekuja juzi tu na tushanunua nyumba. Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu mzuri, mtu wa kanisa, yule ambaye ukifiwa ndiye wa kwanza kubisha mlango akiwa na sufuria ya pilau. Na wengine wanaitikia eeh kweli kabisa, kisha stori inahamia kwa mpira.

Mi ni mtu wa Elburgon, kaunti ya Nakuru. Nimekua nikisikia maneno hayo hayo, ila kwetu yalikuwa yanasemwa juu ya Waogiek, watu wa asili wa msitu wa Mau, ambao majirani waliwaita Wandorobo. Ati Wandorobo ni wavivu, hawajui kulima, pombe ndiyo chakula chao, wanaharibu msitu, serikali iwatoe huko. Na waliosema ni majirani zetu, watu ambao familia zao zilifika Elburgon kufuata kazi ya mbao na mashamba ya wazungu, kama familia yangu tu. Sasa sentensi moja ikivuka bahari nzima ikukute Manitoba, mkoa wetu wa huku, umeshika sahani ya nyama choma, lazima ujiulize nani aliitunga mwanzo.

Aliyeitunga alikuwa anataka shamba. Hiyo ndiyo maana ya ukoloni kama mi ninavyouelewa, sio bendera sana wala kofia ya gavana, ni mtu kufika mahali watu wanaishi, kuandika karatasi inayosema hapa hapana mwenyewe, halafu kuwaita waliopo wavivu ndio karatasi ionekane ya haki. Pale Njoro, karibu na kwetu, setla Mwingereza, Lord Delamere, alipewa ekari 100,000 mwaka wa 1903, liisi ya miaka 99. Mwaka uliofuata Wamaasai wakawekewa mkataba mbele yao, watoke Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru waziache, wengi wao waende Laikipia, na wakaahidiwa Laikipia itakuwa yao maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka wa 1911 wakaambiwa wahame tena waende kusini kwa sababu masetla walikuwa wameitamani Laikipia nayo. Wakatafuta wakili wakaenda kortini, na mwaka wa 1913 korti ikakataa kesi ikisema ule ni mkataba baina ya nchi mbili na jaji wa koloni hana uwezo juu yake. Yaani siku ya kudai haki Wamaasai ni nchi ya kigeni, lakini siku ya kuhamishwa ni watu wa kutii amri ya gavana. Halafu sheria ya 1915 ikaja ikaweka hata ardhi za rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, chini ya Mfalme wa Uingereza, na mahakama baadaye ikasema wazi kwamba Mwafrika kwa shamba la babu zake ni mpangaji wa Mfalme, anayeweza kutolewa wakati wowote.

Na watu wa Western msidhani hii ni habari ya Bonde la Ufa pekee. Mwaka wa 1930 sheria ilisema rizavu ni za wenyeji milele, 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, 1932 sheria ikabadilishwa ili wachimbaji waingie. Miaka 2 tu, watu walikuwa bado wanaikumbuka ahadi ilivyosomwa.

Sasa tuje huku. Mji huu wa Winnipeg tunaoishi uko kwenye ardhi ya Mkataba Nambari 1, uliotiwa sahihi Agosti 1871 pale Lower Fort Garry, kaskazini kidogo mwa mji, kati ya Malkia wa Uingereza na Waanishinaabe na Wacree. Malipo ya kila mwaka yakawekwa dola 3 kwa kila mtu, na 1875 yakapandishwa yakawa dola 5. Mpaka leo ni dola 5. Kila mwaka wanaenda kupanga laini na kupewa dola 5, na wengi wanaenda kwa sababu kuzipokea ni kuonyesha kwamba mkataba bado uko hai. Wenzangu mnaosema pesa ya bure, ile ni kodi ya ardhi ambayo haijapandishwa tangu kabla reli haijafika Kisumu. Na walipoona wameonewa wakataka kushitaki, sheria ya 1927 ikafanya kuwa kosa la jinai kuchanga pesa za kumlipa wakili kwa kesi ya madai ya ardhi, mpaka 1951. Mnaona hapo? Wale wa Laikipia korti iliwafukuza mlangoni, wa huku walizuiwa hata kufika mlangoni.

Guka yangu, yaani babu, alikuwa skwota Njoro. Sheria ya 1918 ilitaka skwota amfanyie mzungu kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kulima kaploti na kuweka mbuzi wachache, na ya 1937 ikaongeza siku ikapunguza mifugo. Kufikia 1920 kila mwanaume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani kitambulisho chake, na kipande kilikaa ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Guka alikuwa akisema kilikuwa kama kengele ya mbuzi, na akishasema hivyo ananyamaza na sisi watoto tulijua hapo tusiulize zaidi. Nilipofika huku nikajua kwamba baada ya vita vya 1885 vya kupinga serikali ya Kanada wenyeji wa nyanda hizi nao waliwekewa pasi, ukitaka kutoka rizavu kwenda kuuza mazao ama kumsalimia ndugu yako uombe ruhusa kwa ajenti wa serikali, akikataa unarudi nyumbani. Na bunge halikuwahi kupitisha sheria ya pasi hizo, zilikuwa amri tu za ofisi na zilitumika miaka mingi.

Kuna wazazi walioomba pasi ili waende kumwona mtoto wao shuleni. Hapo ndipo moyo wangu unakaza kabisa, hizo shule. Zaidi ya watoto 150,000 walipelekwa kwa shule za bweni za serikali na makanisa, ilipofika 1920 sheria ikamlazimisha mzazi kumtoa mtoto, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, wakati mimi niko praimari. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada iliyomaliza kazi 2015 ilipata kumbukumbu za vifo vya watoto zaidi ya 3,000, na wengine jina lao halikuandikwa popote. Walikatwa nywele, walibadilishwa majina, walichapwa wakiongea lugha ya mama yao, wengi walidhulumiwa vibaya kuliko hivyo. Mi nafanya kazi kwa nyumba ya wazee, shifti za usiku, na usiku wazee wanaongea. Mmoja aliniambia alivyorudi nyumbani likizo akakuta hawezi kuongea na nyanya yake, wanakaa meza moja wanaangaliana tu. Unataka nimwite mlevi? Mtu amelelewa na king'ora na kiboko kuanzia miaka 6, hakuwahi kuona mzazi akimlea mtoto, halafu akizaa serikali inakuja kuchukua na hao watoto ikisema hajui kulea. Hapa Manitoba karibu watoto 9 kati ya 10 walio chini ya ulinzi wa serikali ni wa wenyeji. Hiyo si historia, hiyo ni Jumatatu hii.

Na sisi tuliosoma Kenya tunajua kidogo cha hiyo dawa, tulivaa kibao shingoni tukipatikana tumeongea lughamama, jioni unachapwa. Masetla walikuwa wameondoka zamani, aliyetuvalisha ni mwalimu wa kwetu na mtoto mwenzako ndiye aliyekuripoti.

Sasa maji. Hili nitalieleza polepole kwa sababu kila siku tunalinywa. Maji ya Winnipeg hayatoki mto huu unaopita mjini, yanatoka Shoal Lake, karibu kilomita 150 mashariki, kwa mfereji uliokamilika 1919, yanateremka yenyewe bila pampu, na ni maji matamu sana wala sibishi. Ili mfereji ujengwe, ardhi ya Waanishinaabe wa Shoal Lake 40 ilichukuliwa, wakasukumwa kwa rasi iliyo kando, halafu mtaro ukachimbwa na ukakata hiyo rasi ikawa kisiwa. Kwa karibu miaka 100 kijiji hakikuwa na barabara, wakati wa baridi walivuka juu ya barafu, barafu ikianza kulegea walivuka hivyo hivyo, na wengine walizama. Barabara waliipata 2019. Na kuanzia 1997 mpaka 2021, miaka 24, wao wenyewe waliambiwa wasinywe maji yao bila kuchemsha kwa sababu hawakujengewa mtambo wa kusafisha, wakawa wananunuliwa maji ya chupa, huku ziwa ni lile lile linalojaza mabomba yetu. Mtoto wa hapo alizaliwa, akasoma, akamaliza sekondari, akaoa, na hajawahi kufungua bomba la kwao akanywa. Ukifungua bomba asubuhi uchemshe chai yako ya maziwa, kumbuka chai hiyo imepitia wapi.

Mtu wa Nakuru akisikia hiyo anafikiria Mau moja kwa moja. Mto Njoro unaoingia Ziwa Nakuru unatoka Mau, Mara inatoka Mau, Sondu inayoteremka mpaka Ziwa Victoria kule upande wa Kisumu inatoka Mau. Waliokuwa wakiishi juu ya hizo chemchemi ni Waogiek, kila ukoo na sehemu yake ya msitu na mizinga yake, na msitu ulikuwepo. Wazungu wakautangaza msitu wa Mfalme, miti ya asili ikakatwa, ikapandwa saipresi na paini ya kupasuliwa mbao, na ndio Elburgon yetu ikawa mji. Tume ya Carter, 1932 mpaka 1934, ilizunguka ikigawa nani ni wa rizavu gani, ilipofika kwa Wandorobo ikapendekeza wasipewe rizavu yao, wapelekwe kwa makabila makubwa wakamezwe huko. Yaani watu wazima wamekaa na ramani wakaamua jamii fulani iishe, bila kumchapa mtu risasi.

Uhuru ukaja 1963 na hapa ndipo nataka ndugu zangu wa Kenya tusikilizane. Lile neno Mfalme lilifutwa likaandikwa Serikali, basi. Mwogiek aliamka tarehe 13 Desemba bado ni mvamizi kwa msitu wa babu yake. Mwaka wa 2001 serikali yetu wenyewe ilikata sehemu kubwa ya Mau Mashariki ikagawia watu wengine, halafu Oktoba 2009 Waogiek wakapewa notisi ya siku 30 watoke, ati kuokoa mazingira. Wakaenda hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda, mahakama ikasema Kenya imevunja vifungu 7 vya Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Novemba 2023 walikuwa wanabomolewa nyumba tena, Sasimwani, upande wa Narok. Kwa hivyo mtu akiniambia ukoloni uliisha na tusonge mbele, mi namuuliza uliishia wapi hasa, kwa sababu pale Mau sheria ni ile ile, aliyeishika ndiye amebadilika.

Na siongei kama mtu aliye nje ya haya. Guka alinunua ekari 5 miaka ya sitini kupitia ushirika, alilipa kila senti, karatasi zake ni safi. Alikuwa amenyonywa maisha yake yote na mzungu. Na shamba alilonunua lilikuwa limeporwa kwa watu wengine kabla yeye hajafika Njoro. Yote mawili ni kweli na hakuna moja linalofuta lingine. Kwa sababu hatukutaka kuyasema mawili hayo pamoja, wanasiasa walikuja wakasema moja moja, kwa huyu hili na kwa yule lile, na Molo yetu ikaungua 1992 na ikaungua tena baada ya uchaguzi wa 2007. Watu waliokufa hawakuwa Delamere, walikuwa wapasua mbao na wakulima wa viazi.

Huku ni hivyo hivyo. Viza yangu ni halali, nyumba nimelipia, na ardhi ni ya Mkataba Nambari 1 ambao mwenye deni hajalipa. Sioni aibu kuwa hapa, nilikuja kutafuta kama guka alivyokuja Njoro. Lakini sitarudia tena lugha ya setla kwa niaba ya setla, na watoto wangu hawatairudia. Tarehe 30 Septemba wakivaa fulana za machungwa kuwakumbuka watoto wa zile shule wanajua ni kwa nini, nimewaeleza, na nimewaeleza habari za Waogiek hiyo siku hiyo hiyo.

Jambo lingine ni letu la mfukoni. Chama chetu kinataka kununua shamba Nakuru, na picha zilizotumwa ni za pale juu, karibu na ukingo wa msitu, udongo mweusi, bei nzuri, hati ziko tayari. Wanachama wanauliza tu kama kuna barabara na stima. Mi nataka tuulize hiyo hati ilitolewa mwaka gani, kabla ya hapo ardhi ilikuwa msitu ama shamba la nani, na kama iko ndani ya eneo ambalo mahakama ya Arusha ilisema ni la Waogiek. Nataka tutume mtu akaongee na wazee wa Waogiek wa Mariashoni na Nessuit, sio na dalali peke yake. Nikikosa majibu, mchango wangu urudishwe, na wale watakaoendelea kununua nitawaambia haya haya mbele ya wengine wote mkutanoni.