Kioo kisicho na magadi

Dada yangu alirudi kutoka Morocco na zawadi aliyoifunga ndani ya soksi. "Wewe si fundi vioo? Haya, hicho nacho kioo." Nikafungua, nikakuta kijiti cha kijivu, urefu wa kidole cha kati, kimekunjamana kama mzizi wa mhogo uliokauka. Nikajua amelizwa.

Hajalizwa. Kinaitwa fulguraiti: mchanga wa Sahara ulioyeyushwa na radi. Kwa nje chembe za mchanga zimegandia, ukipitisha ukucha zinakwaruza. Kikiwa juani unaona kitundu kimetoboka toka ncha hadi ncha, na kwa ndani kinang'aa, laini kama kikombe cha kaure.

Siku ya tatu nikakipangusa vumbi, kikakatika mkononi. Miaka 19 nakata vioo! Lakini hapo ndipo nikaona vizuri: ukuta mwembamba kama ganda la yai, umejaa vipovu. Radi ikipita, mchanga wa katikati hugeuka mvuke, hewa na unyevu hutanuka ghafla, na mchanga ulioyeyuka husukumwa pembeni na kuganda hivyo hivyo. Ndiyo maana ni bomba.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Kiwandani mchanga huchanganywa na magadi na chokaa ili uyeyuke kirahisi, na bado tanuri hufika nyuzi 1,500 hivi. Mchanga mtupu unataka zaidi ya 1,700. Radi haina shida ya magadi. Njia yake hufika karibu nyuzi 30,000, kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho. Halafu kioo chetu lazima kipozwe taratibu, ukikiharakisha kinapasuka. Hiki kilipoa chapuchapu kikabaki kizima, kwa kuwa kioo cha mchanga mtupu hakitanuki wala kusinyaa kwa kiasi cha kujipasua. Kilikuja kuvunjwa na kitambaa changu.

Changu ni kipande tu. Katika miaka ya 1990, watu wa Chuo Kikuu cha Florida walifukua kimoja chenye matawi mawili, kila tawi karibu mita 5, kimeshuka ardhini kikipungua unene kama mzizi. Sijui walikipangusa na nini.

Silikoni, gundi yetu ya vioo, ninayo tele, ila sikiungi. Nataka vipovu vionekane. Nimevilaza vipande viwili kwenye pamba, juu ya kaunta. Jana mteja kaniuliza kama ni mifupa ya kuku.