Nilivyowapima walimu tarajali sayansi kwa simu, baada ya kuumbuka kwanza

Mkufunzi mwenzangu aliniambia bila kishkwambi kwa kila mwanachuo nisahau habari ya kuwapima kidijitali. Vishkwambi nivitoe wapi na mimi hata chaki naomba? Darasani nina walimu tarajali 41, wengi wana simu janja na waliobaki wana vitochi, nikasema twende hivyohivyo.

Mara ya kwanza nikatengeneza maswali 20 kwenye Google Forms, linki nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Usiku nafungua majibu, wa kwanza kapata 9, waliofuata wote 20 kwa 20! Nikamtambia mke wangu kwamba nafundisha balaa. Asubuhi napitia swali moja moja, nafika la 14, wote wanasema antibayotiki zinaua virusi vya mafua. Na wamepewa vema. Kumbe mimi mwenyewe nilibofya jibu siyo wakati wa kutunga, halafu fomu nikaiacha inaonyesha majibu mtu akishatuma (izimeni hiyo sehemu jamani), yule wa kwanza akapiga skrinshoti akawarushia wenzake, wakanakili mpaka kosa langu. Nyumbani sasa hivi naitwa Bwana Antibayotiki.

Safari ya pili nikaachana na mambo ya A B C. Swali moja, dakika tano, nitumie voisi inboksi, muelezee mtoto wa darasa la tano: kwa nini hapa Njombe mwezi wa saba baridi inakata hivi? Wa vitochi wakarekodi kwenye simu yangu mmoja mmoja nje ya darasa. Bando haikuzidi buku mbili nadhani, voisi fupi hazili sana.

Hapo ndo ukweli ukatoka, karibu wote: dunia imeenda mbali na jua. Nikaanza kusahihisha kwa mbwembwe, binti mmoja akanyoosha simu, "Mwalimu, mbona Google inasema Julai kweli tuko mbali, kilomita milioni 152, na Januari milioni 147?" Na ni kweli kabisa! Baridi yote ile jasho likanitoka. Nikatafuta pa kutokea, nikamuuliza, sasa Ulaya mwezi huohuo watu wanaoga baharini, wao wana jua lao? Kimyaa. Kijana wa nyuma akainuka akachukua globu kabatini, akaiinamisha bila kuambiwa na mtu, "Aah, kumbe ni huu mlalo wa dunia! Julai wao wamelielekea jua, sisi tumelipa kisogo!"

Wakarekodi upya. Voisi za kwanza sijazifuta, wakirudi BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni) nitawachezea darasani.