Gawa mbegu kabla hazijatulia

Sisi watu wa bustani tunaotengeneza aina zetu wenyewe za nyanya na viazi tuna uchoyo fulani wa kistaarabu. Mtu kachanganya nyanya zake mbili, ana mbegu kibao kwenye bahasha, ukimuomba anakwambia ngoja kwanza zitulie, yaani zizae mimea inayofanana kila msimu, nikishapata aina kamili ndo ntagawa. Mi naona ni kinyume kabisa, mbegu inatakiwa itoke mkononi mwako ikiwa bado inahangaika, hapo ndo ina faida kubwa kwako na kwa unayempa.

Tuanze na nyanya maana ndo rahisi. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe, ukiliacha tu kazi inajimaliza, kwa hiyo ukitaka kuchanganya lazima uliwahi siku moja hivi kabla halijafunguka, petali zikiwa bado zimefumba ila zimeanza kutoka kwenye ukijani kwenda njano iliyopauka. Shika kibano chenye ncha nyembamba, fungua petali taratibu, ndani utakuta kile kikoni cha njano kinachobeba chavua, kitoe chote kipande kwa kipande mpaka kibaki kijiti cha kijani katikati kimesimama peke yake. Hapo hakuna kutumia nguvu, kijiti kikikatika ua limekwenda na maji. Halafu chukua ua la baba lililofunguka vizuri, ligongegonge juu ya ukucha wa dole gumba, utaona vumbi jeupejeupe, chovya ncha ya kijiti humo. Basi! Funga uzi kwenye kikonyo, na kata ncha za vile vijani vinavyozunguka ua, maana uzi unaweza kudondoka lakini vile vijani vilivyokatwa vitabaki juu ya tunda mpaka liive na utalitambua tu.

Mbegu za tunda hilo ni kizazi cha kwanza, F1, na kama wazazi walikuwa wametulia, mimea yote itafanana, hata haichangamshi. Vuna mbegu za hapo upande tena, kizazi cha pili ndo utaona maajabu, mrefu, mfupi, jani la msumeno, jani pana kama la kiazi, nyekundu, njano, kila kitu. Na hapa ndo hoja yangu ilipo. Tuseme unataka nyanya kibete, hiyo ni sifa inayojificha, kwenye kizazi hicho cha pili inatokea kwenye robo ya mimea. Ukitaka iwe kibete na yenye jani la kiazi, unatafuta mche 1 kati ya 16. Ongeza nyama ya njano, sasa ni 1 kati ya 64, na hapo bado hujagusa utamu, hujagusa ugonjwa, hujagusa kuwahi kuiva. Nani ana nafasi ya miche 64 ya nyanya nyuma ya nyumba, tena ili apate mmoja, tena ambao huenda ladha yake ni kama maji ya bomba? Lakini watu kumi wakipanda kumi kumi, mna miche 100 na kila mmoja kachafua kikona kidogo tu cha bustani yake.

Hii sio nadharia, imeshafanyika. Kuna mradi wa nyanya vibete ulioanzishwa katikati ya miaka ya 2000 na Craig LeHoullier wa Marekani na Patrina Nuske Small wa Australia, walikuwa wanataka mmea mfupi wa kukaa hata kwenye ndoo ila tunda lenye ladha ya zile nyanya kubwa za kizamani. Wakachanganya, wakagawa vizazi vibichi kabisa kwa watu wa kujitolea huku na huko, na ujanja wao mtamu ni kwamba msimu wa kaskazini ukiisha mbegu zinapanda ndege kwenda kusini ambako msimu ndo unaanza, kwa hiyo vizazi viwili ndani ya mwaka. Leo aina walizotoa zimepita 100. Mtu mmoja na bustani yake asingefika hapo hata angeishi mara tatu.

Kutulia kwenyewe ni hesabu tu, kila kizazi kinachojichavusha kinapunguza mchanganyiko kwa nusu, ndo maana watu wanasema fika cha sita mpaka cha nane kabla hujaita kitu aina. Sasa kama unashikilia mbegu mpaka hapo, tayari umeshatupa njia nyingine zote ambazo zile mbegu zingeweza kwenda. Wewe ulifuata nyanya ya zambarau ya saladi, mwenzako angefuata ile nyekundu ngumu inayovumilia ukungu, na zote zilikuwa kwenye bahasha ileile.

Kwenye viazi mambo yanageuka kichwa chini miguu juu. Kiazi tunachopanda kila siku ni kipande cha mmea uleule, kwa hiyo kinazaa kilekile. Lakini kiazi kikichanua na hali ya hewa ikikubali kinafunga vitunda vya kijani kama nyanya mbichi ndogo, hivyo usile, vina sumu, ila ndani yake vimejaa mbegu ndogondogo na kila mbegu ni kiazi kipya ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Kiazi cha kawaida kina kromosomu (vile vijiuzi vinavyobeba sifa za urithi) 48 kwa seti nne wakati nyanya ina 24 kwa seti mbili, basi karata zinachanganyika vibaya mno. Uzuri wake ni kwamba hakuna kungoja vizazi sita, ukipata mche mzuri umeupata leoleo, unaupanda kwa kiazi chake na hautabadilika. Luther Burbank, mkulima wa Marekani, alikuta tunda moja la namna hiyo kwenye aina ya kiazi iitwayo Early Rose mwaka 1872, mbegu 23, na mmoja katika hao ndo ukazaa kiazi chenye jina lake, mdogo wake wa ganda la kukwaruza, Russet Burbank, bado analisha viwanda vya chipsi Amerika Kaskazini. Haki za kile cha kwanza Burbank aliziuza dola 150 (naam, 150).

Mwaka wa kwanza miche ya mbegu inatoa viazi vidogo, usiihukumu kwa ukubwa, panda tena mwaka unaofuata ndo uchague. Ila onja mapema. Chemsha, tafuna kidogo, ukisikia uchungu au kukereketa kooni tema na ung'oe mmea wote, sumu ya viazi haiishi kwa kuchemsha, na hapo hamna cha huruma wala cha rangi nzuri.

Na kugawa kwake ni tofauti. Nyanya unagawa mbegu utake usitake, viazi watu wanapenda kupeana viazi vyenyewe, mi napinga. Kiazi kinabeba virusi, kinabeba mnyauko wa bakteria, kinabeba udongo na vilivyomo, na nchi nyingi zinazuia kabisa kukipitisha mpakani bila vibali. Mbegu za ndani ya tunda zinaacha sehemu kubwa ya mzigo huo nyuma, si wote lakini sehemu kubwa. Hata mbegu za nyanya si malaika, kuna virusi vinavyosafiri juu ya ganda, kwa hiyo usichukue mbegu kwenye mmea wenye majani yenye mabaka au yaliyojikunja, na usipeleke wala kupokea nje ya nchi bila kuangalia sheria.

Juu ya bahasha andika mama kwanza halafu baba, kizazi cha ngapi, mwaka, na mmea uliotoa mbegu ulikuwaje. Bahasha iliyoandikwa "nyanya nzuri" ni takataka tu, samahani.

Wengine wanaogopa kuibiwa. Ni kweli inaweza kutokea mtu akafunga mlango kwa kitu ulichompa bure, ndo maana mwaka 2012 Marekani likaanzishwa shirika la Open Source Seed Initiative, mbegu zao zinakuja na ahadi kwamba unaruhusiwa kufanya nazo chochote isipokuwa kuwazuia wengine, na masharti hayo yanafuata hata watoto wa mbegu hizo. Unaweza kuiga maneno hayohayo kwenye bahasha zako. Kuhusu jina, kawaida ninayoipenda ni kwamba anayeiona ile nyanya na kuitulizia kwake ndo anaipa jina, na aliyechanganya anatajwa pamoja na wazazi wa nyanya yenyewe. Na ukishaipa jina mrudishie aliyekupa bahasha mbegu kidogo, maana huenda zake zilishaliwa na panya.