Nilivyojifunza kupanga mboga kabla ya ugali

Nilianza kupunguza wanga Jumatatu moja ya Agosti nikiwa na kilo 96, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshashindwa. Sikuwa nimepanga chochote. Nilijiapiza tu kwamba sili ugali, sili wali, sili chapati, basi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, mchana mengine mawili, usiku nakaa na familia kwenye sinia la ugali na dagaa wa nazi, mimi nakunywa maji. Siku ya tatu kichwa kiliniuma tangu alfajiri, miguu ikakosa nguvu. Siku ya nne, nikitoka kazini Kariakoo saa kumi na moja jioni, nilinunua vitumbua sita nikavimaliza kabla daladala haijafika Mtoni.

Usiku ule nililala nikijiuliza nimekosea wapi, na jibu nililipata kwenye maneno yetu wenyewe. Kwetu ukisema chakula, umesema ugali, wali au ndizi. Samaki, nyama, maharage, mchicha, vyote hivyo ni mboga. Mtu akila changu mzima na bakuli la kisamvu bila ugali, atakuambia hajala. Na mimi nilipika hivyohivyo miaka yote: swali la jioni lilikuwa "leo ugali au wali?", mboga inafikiriwa baadaye, na inapikwa ya kutosha kusindikizia tonge. Nilipoondoa chakula, kilichobaki sahanini kwangu ni kisindikizo. Hapo lazima mtu ashinde na njaa.

Kabla ya kuanza upya nilitaka kujua nilikuwa nakula kiasi gani. Nilichota unga kwenye kibakuli, kipimo ninachoamini kinatosha ugali wangu peke yangu, nikaenda nao dukani.

"Mangi, nipimie huu unga."

"Unaniuzia, dada?"

"Nataka kujua uzito wake tu."

Alitoa uzito wa kibakuli, mzani ukasoma gramu 160. Unga wa sembe gramu 100 una wanga wa gramu 75 hivi. Maana yake mlo wangu mmoja wa usiku ulikuwa na gramu 120 za wanga, na wengi wanaozungumzia ulaji wa wanga kidogo huweka mpaka chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Bado sijahesabu chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, maandazi mawili ya asubuhi na wali wa mchana. Nilirudi nyumbani nimeshika kile kibakuli, na naweza kusema mpango wangu wa kweli ulianza siku hiyo.

Nikanunua daftari. Kila Jumapili jioni naandika siku saba, na kila siku naanza na kitoweo: samaki, mayai, kuku, dagaa au maini. Kikishajulikana, naandika majani au mboga ya bustani itakayokwenda nacho, na mwisho mafuta: nazi, karanga au parachichi. Ugali wa watoto na baba yao sihitaji kuuandika, huo upo siku zote. Sufuria ya mboga ni moja kwa nyumba nzima, ila sasa napika mara mbili ya ile ya zamani. Nisingeweza kupika vyakula viwili kila usiku nikitoka kazini, na anayekushauri hivyo hana watoto.

Asubuhi haina mengi. Chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini, bila sukari, na mayai mawili au matatu yaliyokaangwa na kitunguu, nyanya na mchicha wa jana. Jumamosi supu ya kuku bila chapati.

Mchana ndio ulikuwa mgumu, kwa sababu nakula kwa mama ntilie. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, naomba samaki na mchicha, wali usiweke."

"Nikuwekee ugali?"

"Hapana, mama. Mboga tu."

Alisimama na mwiko mkononi. "Mboga tupu? Unaumwa, mwanangu?"

Nilimweleza vizuri, nikamwomba ile nafasi ya wali aijaze kabichi na bamia, nami niongeze hela kidogo ya samaki. Alikubali. Wiki ya pili akawa ananitengea mwenyewe, bakuli limefunikwa sahani. Nawashauri wote wanaokula vibandani: zungumza na anayekupikia mapema, kabla ya foleni ya saa saba. Ukingoja hadi umefika mbele na njaa yako, utapokea chochote utakachopakuliwa.

Kile kichwa kilichoniuma wiki ya kwanza nilikuja kukielewa baadaye. Ukipunguza wanga, insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hushuka mwilini, na figo huanza kutoa maji na chumvi zaidi kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nakula mayai bila chumvi nikidhani ndiyo afya. Nilipoanza tena nilihakikisha kila siku nakunywa kikombe cha supu yenye chumvi ya kawaida, na maumivu hayakurudi. Nina bahati sina presha. Mwenye presha asiige hili la chumvi kabla ya kuongea na daktari wake.

Kuna vitu vilinidanganya. Juisi ya embe niliihesabu kama tunda, kumbe glasi moja ina sukari ya embe lenyewe na sukari nyingine juu yake. Korosho nazo ni tamu, mkono unarudi wenyewe kwenye bakuli, na zina wanga karibu mara mbili ya karanga. Maharage sikuyaacha, ila nayaandika kwenye daftari upande wa wanga, vijiko vichache, siku ambayo sina kitu kingine cha wanga.

Gharama ni suala la kweli na sitalificha. Unga unashibisha kwa bei ndogo, kitoweo hapana. Nilichofanya ni kuacha kufikiria nyama ya ng'ombe kila siku. Trei ya mayai 30 nainunua mwanzo wa wiki. Dagaa wakavu nanunua kwa kilo. Jumamosi moja moja nadamka kwenda soko la samaki la Feri kuchukua vibua, nawasafisha, nawatia chumvi na ndimu, nawagawa kwenye vifuko vya siku na kuwagandisha. Hela ya maandazi, soda na sukari niliyokuwa natumia bila kuiona imefidia sehemu kubwa.

Mama yangu mzazi ana kisukari na anameza dawa. Aliponiona napungua alitaka tuanze pamoja siku ileile. Nilimkatalia, na alinuna. Zipo dawa za kisukari zinazoshusha sukari hata kama mtu hajala wanga, na anaweza kuanguka. Tulikwenda kliniki yake kwanza, tukiwa na daftari langu. Daktari alilisoma, akampunguzia dozi, akamtaka apime sukari kila asubuhi. Ndipo akaanza, naye anabakiza kipande cha ugali kama ngumi ya mtoto, kwa sababu amesema bila hicho hajala, na ni haki yake.

Kijana wa mzani pale stendi ya Rangi Tatu ananijua sasa. Wiki ya kwanza ya mpango zilitoka kilo 3, nikafurahi mno, lakini nyingi yalikuwa maji: wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa na maji, ukiisha nayo yanatoka. Baada ya hapo ilikuwa nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Mwezi wa tano wa mpango nilisoma kilo 85.

Harusini nakula pilau, vijiko vinne vitano, na kachumbari nyingi na nyama. Naiandika kwenye daftari kama siku nyingine. Ukurasa wa kesho umeshajaa: mayai na matembele, samaki wa mama ntilie, usiku dagaa wa nazi na nyanya chungu. Dagaa nimeshawachambua vichwa, wako kwenye bakuli jikoni.