Waliopita Jeshini Wasimame

Mshereheshaji wetu aliyatamka maneno hayo kwa nia njema kabisa, saa sita mchana, katika ukumbi mdogo wa Shanty Town hapa Moshi, mwezi Julai, siku chache baada ya Siku ya Mashujaa. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha watu waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kustaafia au kuhamia Kilimanjaro, na mezani mbele yangu palikuwa na vyeti sita vilivyotiwa fremu, kwa sababu katika hesabu zangu wanachama wetu waliowahi kuwa askari walikuwa sita. Basi alipotamka, nikasikia viti vinavutwa nyuma upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kisha kote. Takriban kila mwenye mvi alisimama. Walikuwa zaidi ya thelathini, wengine wameshika fimbo, wengine wanacheka, na mmoja akapiga saluti na kuuliza kwa sauti ya kwata, "Afande katibu, tuhesabu namba?"

Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na kusahau jambo ambalo kila Mtanzania wa umri ule analijua mwilini mwake. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, likiwa la kujitolea, lakini baada ya muda sheria ikawataka wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita walipitie kabla ya kuanza maisha ya kazi, na utaratibu huo ukaendelea hadi ulipositishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo mtu aliyesoma Mlimani miaka ya sabini na themanini, awe mwanasheria au mwalimu wa kemia, alinyolewa nywele, akavaa kombati, akakimbia mchakamchaka alfajiri Oljoro, Mafinga, Ruvu au Makutupora, na hadi leo anakumbuka jina la operesheni yake, yaani kundi aliloingia nalo kambini, kuliko anavyokumbuka jina la mhadhiri aliyemfundisha takwimu. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba waliopita jeshini wasimame, atakaaje?

Miongoni mwa waliosimama alikuwapo mzee mmoja anayeishi Kibosho, ambaye tunamwita Meku kwa heshima, na yeye alisimama taratibu kuliko wengine, kisha akaketi kabla hajaambiwa. Nilimfuata baadaye kumuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba tarehe 22 Oktoba 1966 alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioandamana hadi Ikulu kuipinga sheria hiyohiyo, wakikataa hasa kipengele cha kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika miezi 18 ya utumishi baada ya kambi. Baadhi walibeba mabango yaliyosema afadhali ukoloni, na hayo ndiyo yaliyomkasirisha Mwalimu Nyerere kuliko madai yenyewe. Aliwasikiliza, akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300 warudi makwao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Meku alirudi, akamaliza shahada, akaenda JKT bila kunung'unika, na miaka kumi na zaidi baadaye, alipokuwa mwalimu wa sekondari mwenye mke na watoto watatu, akaingia katika vita vya Kagera pamoja na mgambo. Yeye hakuwa kwenye orodha yangu ya watu sita. Aliketi, alisema, kwa sababu hakujua kama tunamheshimu kwa lile la mwisho au tunamkumbusha lile la kwanza.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba orodha ile niliitengeneza kivivu. Nilikuwa nimeandika majina ya wale ambao jeshi lilikuwa kazi yao, wenye pensheni ya jeshi na picha za sare ukutani, na kuwaacha wote ambao vita viliwakuta katika kazi nyingine. Vita vya Kagera havikupiganwa na askari wa kudumu peke yao. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa kwa maneno ambayo hata wajukuu wetu wanayaigiza, kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tulikuwa navyo. Na kutoka hapo Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, likaongezewa nguvu na vijana wa JKT, mgambo, polisi na askari magereza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Sisi wa Moshi hupenda kuongeza, na naomba nisamehewe majivuno haya, kwamba wiki chache kabla ya hapo, mwezi Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana katika mji wetu huu, wakaunda umoja wao wa ukombozi na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi, yule aliyekuja kuapishwa kuwa rais baada ya Amin kukimbia.

Turudi ukumbini. Vyeti viligawiwa, maana programu ilishapigwa chapa na mgeni rasmi alikuwa na safari. Cha tatu kilikuwa cha mhandisi mmoja mstaafu, mtu mkimya, na kiliandikwa kwa wino wa dhahabu "Kapteni". Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakaa. Wakati wa chakula nilijikuta meza moja naye, mtori ukiwa bado wa moto, naye akanisogezea ile fremu akaniambia kwa upole, kama mtu anayemrudishia muuza duka chenji iliyozidi, "Mwanangu, mimi sikuwahi kuwa kapteni hata siku moja. Nilikuwa askari wa kawaida, kuruta mwenye digrii." Nilitamani meza inimeze. Cheo kile nilikipata kwa mtu aliyekisikia kwa mtu mwingine, nami sikunyanyua simu kumuuliza mwenyewe.

Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani kilianza mwaka 1973, kwa hiyo huyu mzee alikuwa katika kundi la wahitimu wake wa mwanzo kabisa, na vita vilimkuta kambini JKT. Nilimwuliza alifanya kazi gani. Hakujibu kwa maneno. Alichukua kisu cha mezani, akakilaza katikati ya kitambaa, akasema huo ndio Mto Kagera pale Kyaka, ambako adui alilipua daraja mapema mwezi Novemba ili majeshi yetu yasivuke. Kisha akakiinamisha kikopo cha vijiti vya meno na kuanza kupanga. Daraja la muda la vyuma, lile linaloitwa Bailey, huundwa kwa fremu zenye urefu wa mita tatu hivi, kila moja ikibebwa na watu sita, zikaunganishwa kwa pini; halihitaji winchi, kwa sababu hujengwa lote upande mmoja wa mto juu ya magurudumu, kisha husukumwa polepole hewani hadi pua yake iguse ukingo wa pili. Vijiti vyake vilifika ukingo wa pili, karibu na sahani yangu. "Usiku ule," alisema, "shida yangu haikuwa bunduki. Shida ilikuwa pini moja iliyoanguka majini, na mimi ndiye niliyekuwa nazihesabu." Meza nzima ilikuwa imenyamaza, na mhudumu aliyekuja kuondoa sahani alirudi nyuma bila kuambiwa.

Sidhani kama nimewahi kusikia hotuba nzuri kuliko ile, na haikuwamo kwenye programu.

Yuko mwingine ninayepaswa kumtaja, maana yeye hakusimama kabisa. Ni mama daktari, mmoja wa wasichana wachache waliosomea udaktari wakati wao, na mwishoni mwa mwaka 1978 alikuwa akifanya kazi katika mkoa uliokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, kabla haujapewa jina la Kagera. Nilipomwamkia na kumuuliza kwa nini alibaki kitini, alisema swali lilihusu jeshi, naye hakuvaa sare; yeye alipokea tu waliokuwa wakiletwa kwenye malori. Neno "tu" alilitumia mara tatu katika sentensi mbili. Katika kamati wapo wanaosema kwamba tukianza kuwaingiza raia, heshima ya askari itapungua, na hoja yao siidharau, kwa sababu aliyebeba silaha alikubali kufa kwa namna ambayo mimi na wewe hatukuitwa kuikubali. Ndiyo maana hata kwenye maadhimisho ya kitaifa kila mtu ana alama yake: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, na wawakilishi wa askari wa zamani huweka shoka. Hakuna anayeweka cha mwenzake. Lakini kumtenganisha mtu si kumwacha nje, na sisi tuliosomeshwa kwa kodi za wakulima tungeona aibu kushindwa kutengeneza safu moja zaidi kwenye daftari.

Hilo daftari ninalo sasa, nami hutembea nalo. Lina safu ya waliokuwa JWTZ, ya JKT na mgambo waliokwenda Kagera, ya waliopita JKT wakati wa amani, na ya raia waliofanya kazi ya vita. Safu ya tano niliiongeza baada ya Meku kunipa majina mawili ya watu aliosoma nao ambao hawakurudi. Kabla ya kuandika cheo chochote namsomea mwenyewe, au mjane wake, nilichoandika. Vyeti vyenye wino wa dhahabu nimevisimamisha, na fremu ya mhandisi ninayo nyumbani, imegeuzwa uso ukutani hadi fundi aniandalie karatasi nyingine.

Mama daktari amekubali kuja Julai ijayo na kuzungumza dakika kumi. Ametoa masharti mawili: asiitwe shujaa, na kiti chake kiwe karibu na mlango, kwa sababu magoti yake hayapendi baridi ya Moshi ya mwezi huo.