Siku moja maishani mwangu: na punje za polistireni, kuanzia boila hadi juu ya paa

Saa 12:30 asubuhi. Kabla boila haijawashwa, napita ghala la malighafi la kiwanda chetu. Punje za polistireni, aina ya plastiki, zikifika hapa ni ndogo na ngumu, mfano wa chumvi ya mawe, na ndani yake mna pentani, kimiminika kinachogeuka mvuke kirahisi na kushika moto upesi. Mvuke wa pentani ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ndiyo maana matundu ya hewa tumeyatoboa chini ya kuta, na simu zetu zote hubaki nje ya mlango.

Saa 1:15. Mvuke wa maji wenye joto la karibu nyuzi 100 unaingia kwenye mtungi wa kupanulia. Polistireni inalainika, pentani inatanuka, punje inavimba hata kufikia mara 40 ya ujazo wake wa mwanzo. Nachota lita moja, naweka kwenye mizani: gramu 15. Hiyo ni kilo 15 kwa mita ya ujazo, na maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000.

Saa 2:30. Zilizopanuliwa leo haziguswi. Zikipoa, ndani hubaki ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hewa, na ukizibonyeza kwa kidole zinanywea. Lazima zipumzike kwenye vihenge vya kitambaa mpaka hewa ipenye taratibu na kuzijaza. Madereva wenye haraka hunisihi niwapakilie hivyohivyo, nami hukataa, maana punje changa ikinywea, hewa aliyoilipia mteja imepotea. Zinazotoka ni za jana.

Saa 3:30. Zege jepesi, kazi niipendayo kuliko zote. Punje hailoi kwa urahisi, tena inaelea. Ukiimwaga kwenye zege lenye maji mengi itapanda yote: chini utabaki na mchanga na saruji, juu tabaka linalomong'onyoka kwa kucha. Sisi tunatanguliza punje kwenye mashine, tunazilowesha kwa sehemu ya maji yenye gundi kidogo, tunanyunyiza saruji hadi kila punje ipakae kijivu pande zote, ndipo mchanga na maji yaliyobaki vinafuata. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege, tunaiweka kando kwa sababu inazisukuma punje juu. Tunashindilia kwa mkono na kusawazisha kwa ubao.

Mteja wa leo anajaza mteremko juu ya paa la zege ili mvua isituame. Kwa zege la kawaida, kila mita ya ujazo ingeitwika mihimili yake karibu kilo 2,400. Mchanganyo huu ni kilo 800, na hewa iliyofungiwa ndani inapunguza joto la jua linaloshuka vyumbani. Alipoinua tofali la majaribio kwa mkono mmoja, alifurahi sana.

"Fundi, basi nimwagie na nguzo za upande ule."

"Hapana, mama. Nguzo inabeba nyumba. Kila punje ni tundu ndani ya zege. Zikizidi punje, nguvu inapungua."

Nikamvunjia tofali lile mbele yake, akaona lilivyoachia kirahisi. Nguzo zitapata kokoto na nondo.

Saa 7 mchana. Baada ya chakula, vitalu. Punje zilizopumzika zinajazwa kwenye kalibu, zinapigwa mvuke mara ya pili, zinashikana, kisha tunazikata kwa waya wa moto. Vijana wapya hawaamini kwamba vitalu hivi hubeba barabara. Nawaeleza habari za Norwei: mwaka 1972, kwenye daraja la Flom karibu na Oslo, tuta lililokuwa likididimia kwenye udongo laini liliondolewa uzito kwa kuwekewa vitalu vya polistireni. Lakini petroli huyeyusha polistireni, kwa hiyo vitalu vya barabarani hufunikwa kwa bamba la zege au utando usiopitisha mafuta.

Saa 8:30. Fundi umeme anapiga simu: apitishe nyaya katikati ya vitalu moja kwa moja? Namsihi azitie kwenye bomba. Plastiki ya PVC inayofunika nyaya ikigusana na polistireni kwa muda mrefu hupoteza kilainishi chake, ikakakamaa na kupasuka. Namkumbusha pia asiache kitalu wazi chumbani. Polistireni inaungua na moshi wake ni mzito mweusi, hata ile iliyotiwa dawa ya kupunguza moto. Plasta ni lazima.

Saa 9:15. Mifuko ya punje ndogo za saizi moja, kwa mtengenezaji wa mito ya tiba ya mionzi. Mgonjwa hulala juu ya mto, hewa hunyonywa, punje zinabanana na kukakamaa kwa umbo la mwili wake, ili kila akirudi alale vilevile na mionzi ipige palepale. Hapa nachekecha mara mbili, nikiondoa vumbi na vipande. Mteja mwingine anataka za kuchanganya na udongo wa miche. Namshauri atafute pumisi, jiwe jepesi la volkano. Punje haiozi, upepo utaipeleka mtoni, na samaki wataidhania chakula.

Saa 10:30. Usafi. Umeme tuli huzifanya punje zigande kwenye nguo na nywele, na ufagio mkavu unazirusha tu. Tunanyunyiza maji, tunafyonza kwa mashine, kisha nasafisha wavu wa mfereji kwa mikono yangu. Nilichokipata pamoja na makombo ya vitalu kinaingia kinuni kusagwa. Kesho kitatumika kwenye zege la sakafu ya ghala letu.