Lenny Henry si wa Kibera peke yake

Hapa Birmingham, mtaje mchekeshaji Lenny Henry mbele ya Wakenya wa rika langu na wengi watakumbuka Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Mwaka 2011 alikwenda kulala huko na mastaa wenzake wa Uingereza, BBC ikiwarekodi kwa ajili ya Comic Relief, mchango alioanzisha na Richard Curtis mwaka 1985 wakati wa njaa ya Ethiopia. Pesa zilipatikana, sikatai. Ila vipindi vile vikianza mimi hutafuta rimoti, maana kesho yake kazini hakosi mtu wa kuniuliza kama kwetu kuna maji.

Lakini kumwachia hapo ni kumwonea. Alizaliwa 1958 Dudley, mwendo wa basi tu kutoka hapa, kwa wazazi waliohamia kutoka Jamaika. Mama yake aliwataka watoto wajichanganye na wenyeji, na Lenny akajichanganya kwa kuiga sauti za watu. Mwaka 1975, akiwa na miaka 16, aliingia shindano la televisheni la New Faces. Akawapa watazamaji mgongo, akamwiga Frank Spencer, mhusika wa kizungu aliyevuma wakati ule. Alipogeuka, kumbe kijana mweusi! Akashinda.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma. Alipelekwa Black and White Minstrel Show, onyesho la wazungu waliojipaka weusi usoni na kuimba. Yeye, mweusi halisi, alizunguka nao miaka kadhaa akiitania ngozi yake kabla hawajamtania. Sisi tuliokuja kutafuta maisha, mbinu hiyo tunaijua sana: unajicheka mapema, wengine wakute umeshamaliza. Mwenyewe ameshasema wazi kwamba kazi ile ilimuumiza. Miaka ya themanini aliingia kundi la wachekeshaji vijana wa London, akamwoa mmoja wao, Dawn French, na utani ule akauacha.

Baadaye aliigiza Othello katika tamthilia ya Shakespeare, akapewa cheo cha Sir 2015, akasoma hadi udaktari wa falsafa. Kwangu mimi yote hayo hayafikii hotuba yake ya 2014 kwa BAFTA, taasisi ya filamu na televisheni ya Uingereza, alipowaambia wakubwa wa televisheni usoni kwamba watu weusi wanazidi kupungua katika kazi hiyo. Na 2020 Comic Relief yenyewe ikatangaza kwamba haitapeleka tena mastaa Afrika kurekodi. Kazi hiyo wapewe watengenezaji filamu wa Afrika. Vizuri. Ila Nairobi wapigapicha walikuwa tele hata hiyo 2011.